Max Looff: Nahodha wa Königsberg aliyeacha mizinga yake ikiburutwa hadi Ziwa Victoria

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MKAZI wa Bariadi akitaka kuona maji mengi huelekea Lamadi, wilayani Busega, ambako Ghuba ya Speke huufikia Mkoa wa Simiyu. Bahari ya Hindi iko mbali mno na hapa. Hata hivyo, ipo habari ya nahodha mmoja wa Kijerumani iliyoanzia baharini, ikapita katika mikoko ya Rufiji na kuishia kuligusa Ziwa Victoria na watu wa Usukuma.

Nahodha huyo ni Max Looff. Alizaliwa Mei 2, 1874 mjini Strasbourg, akajiunga na jeshi la majini la Ujerumani akiwa bado kijana. Aprili 1914 alikabidhiwa manowari Königsberg, meli ya urefu wa mita 115 yenye mizinga kumi ya milimita 105 na mabomba ya kurushia topido. Ilikuwa na mabaharia zaidi ya 300.

Mwezi huo huo manowari hiyo iling'oa nanga Kiel, na mwanzoni mwa Juni 1914 ikatia nanga Dar es Salaam. Wenyeji waliijia kwa wingi kuitazama, kwani hawakuwa wamewahi kuona chombo kikubwa cha vita namna ile katika bandari yao. Hakuna aliyejua kwamba miezi miwili baadaye dunia ingekuwa vitani.

Katika vita hivyo nyambizi za Ujerumani zilitia hofu Atlantiki na Mediterania, lakini hazikuwa na uwezo wa kufika pwani yetu. Kazi ya kuzivizia meli za biashara za Uingereza huku ilibaki kwa manowari za juu ya maji. Looff alilifahamu hilo. Julai 31, 1914, siku chache kabla Uingereza haijaingia vitani, aliondoka Dar es Salaam kimya kimya ili asizingirwe bandarini.

Agosti 6 aliikamata City of Winchester karibu na pwani ya Oman. Ilikuwa meli ya Kiingereza iliyosheheni chai, na ni miongoni mwa meli za kwanza za taifa hilo kutekwa katika vita hivyo. Looff aliitwaa akiba yake ya makaa ya mawe, kisha akaizamisha.

Makaa ndiyo yaliyokuwa udhaifu wake mkubwa. Waingereza walijitahidi kununua akiba iliyokuwapo katika bandari za jirani ili Mjerumani asipate. Dar es Salaam nayo ilikuwa haifai tena, kwa kuwa Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha gati linaloelea kwenye mlango wa bandari. Looff akaingia katika delta ya Mto Rufiji, akajificha karibu na Salale.

Kutoka huko alifanya tendo lililompa umaarufu. Alfajiri ya Septemba 20, 1914 aliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa bandarini Zanzibar, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika mbali kama ya Königsberg. Mabaharia 38 wa Kiingereza walikufa, na meli yao ikazama.

Ushindi huo ulimletea balaa. Mitambo ya Königsberg iliharibika, ikabidi irudi Rufiji. Sehemu zake ziliburutwa na mamia ya Waafrika kwa njia ya nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, zikatengenezwa, kisha zikarudishwa kwa njia ile ile. Ilipokuwa tayari kutoka, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Mwishoni mwa Oktoba 1914 manowari Chatham iligundua maficho hayo, na Novemba Waingereza wakazamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mkondo mmoja wa mto.

Kwa miezi minane Looff alikaa katika mikoko pamoja na watu wake, wakisumbuliwa na malaria, joto na upungufu wa chakula na dawa. Baadhi ya mabaharia wake walihamishiwa nchi kavu kwenda kuliongezea nguvu jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza nao waliiteka Mafia Januari 1915, wakaleta ndege, kisha meli mbili bapa za mizinga, Severn na Mersey, ambazo zingeweza kupita katika maji ya kina kifupi.

Julai 6, 1915 meli hizo ziliingia mtoni, zikarudishwa nyuma kwa mizinga ya Königsberg. Zilirudi Julai 11. Safari hii ndege zilielekeza vyema makombora. Looff alijeruhiwa vibaya, na alipoona manowari yake inaungua aliamuru ilipuliwe kwa vichwa vya topido.

Hapo ndipo simulizi nyingi hukoma. Kwa watu wa bara, hapo ndipo habari inapoanza.

Mizinga yote kumi ilitolewa majini. Waafrika, kwa kamba na mabega, waliiburuta hadi Dar es Salaam, ambako mafundi waliitengeneza na kuiundia magurudumu. Reli ya Kati ikaisambaza. Mmoja ulifungwa katika meli Götzen huko Kigoma, meli ambayo baadaye iliitwa Liemba. Mwingine ulifikishwa Mwanza kuilinda bandari, wakapoteza matumizi yake Waingereza walipouteka mji huo Julai 1916.

Wajerumani walipoondoka Mwanza kuelekea Tabora, vita vilipita katika nchi ya Wasukuma. Kila jeshi lilihitaji wapagazi, chakula na ng'ombe. Wasukuma na Wanyamwezi, waliokwisha kujulikana tangu enzi za misafara kwa ustadi wa kubeba mizigo, walichukuliwa kwa wingi. Wengi hawakurudi. Hawakuuawa na risasi pekee, bali na kuhara, njaa na uchovu.

Looff, baada ya kupona, aliendelea kupigana nchi kavu. Alisimamia ulinzi wa Dar es Salaam hadi mji huo ulipoanguka Septemba 1916. Novemba mwaka huo aliongoza kikosi kilichowatimua Wareno Newala, na mwaka 1917 alikuwa katika mapigano ya Lindi. Cheo chake cha majini kilikuwa kikubwa kuliko cha Lettow-Vorbeck, jambo lililoleta mvutano wa chini kwa chini kati yao. Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alipojiandaa kuvuka Ruvuma, aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wengi. Looff alikuwa miongoni mwa walioachwa, akatekwa na Waingereza.

Alirudi kwao Ujerumani na kupewa heshima ya admirali. Alifariki dunia mwaka 1954 akiwa na umri wa miaka 80. Mabaki ya manowari yake yalionekana Rufiji kwa miaka mingi, hadi tope lilipoyameza. Mmoja wa mizinga yake umesimama Fort Jesus, Mombasa, kando ya mzinga wa Pegasus. Mwingine uko Pretoria.

Kumbukumbu za nahodha ni nyingi. Inajulikana alizaliwa siku gani, alijeruhiwa wapi na alitekwa mwezi gani. Jina la hata mmoja kati ya walioivuta mizinga yake kutoka katika tope la Rufiji ni nadra kulipata. Kwa upande wa Waingereza pekee, idadi rasmi ya wapagazi waliokufa inayotajwa mara nyingi ni takriban 95,000. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 huwakumbuka kwa ujumla tu, bila jina.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, bado ni mchanga, lakini watu wake si wachanga. Katika kaya za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega huenda bado wapo wazee waliosimuliwa na babu zao habari za kubebeshwa mizigo ya Wazungu. Kila mzee anayezikwa bila kuulizwa huzikwa na majina hayo. Mizinga imehifadhiwa, walioiburuta wanastahili nao kuandikwa.