KAMBONA WA KWAMBE NA HAKI YA KUSEMA TWENDE POLE

Kwambe ni kijiji kilicho karibu na Mbamba Bay, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga mpaka Wilaya ya Nyasa ilipokatwa mwaka 2012. Huko ndiko alikozaliwa marehemu Oscar Kambona mwaka 1928. Baba yake, Padre David Kambona, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupewa upadre wa Kianglikana katika Tanganyika. Tumeona yafaa leo kuyakumbuka maisha ya mtoto huyo wa padre, kwa kuwa yana funzo kwa kila mwananchi atakaye uongozi.

Alisoma Liuli, kisha Dodoma na Tabora, akawa mwalimu. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 haikuwa na fedha. Bwana Kambona aliacha ualimu akawa Katibu Mkuu wake, akazunguka majimboni kuandikisha wanachama. Baada ya Uhuru alishika kwa zamu wizara za Elimu, Mambo ya Ndani, Mambo ya Nje na Ulinzi. Mwaka 1963 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam. Askari walipoasi Januari 1964, ni yeye aliyekwenda kusema nao. Ushujaa huo hapana awezaye kumnyima.

Ndipo likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Bwana Kambona hakukubali mwendo wake. Alikuja kueleza kwamba alitaka Ujamaa ujaribiwe kwanza mahali pachache, matokeo yaonekane, ndipo uenezwe. Kwa lugha ya siasa mtu wa rai hiyo huitwa mhafidhina. Juni mwaka huo alijiuzulu, na Julai akaenda London. Katika kesi ya uhaini ya mwaka 1970 alitajwa kuwa kiongozi wa njama, lakini hakupata kusimama mahakamani. Ndugu zake wawili waliwekwa kizuizini.

Je, mtu wa rai kama hiyo angeipeleka wapi? Tangu mwaka 1965 chama kilikuwa kimoja kwa sheria. Mpiga kura aliweza kuchagua kati ya wagombea wawili wa TANU, yaani alichagua mtu, si siasa. Twakiri kwamba nchi ilipata hasara kwa kukosa sauti ya tahadhari. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Mkulima wa kahawa wa Umatengo hana haja ya kuelezwa maana ya miaka hiyo.

Lakini Bwana Kambona naye hakukosa kosa. Mwenye hoja hana budi kukaa na wale anaotaka kuwashawishi, na maneno yarushwayo kutoka ng'ambo huwafikia wananchi yamekwisha nguvu. Aliporudi Septemba 1992, vyama vingi vikiwa vimekwisha kuruhusiwa, umati ulimngoja kwa hamu. Yeye akasema mengi juu ya asili ya viongozi, na machache juu ya shamba, bei na shule. Chama chake cha TADEA hakikupata hata kiti kimoja cha Bunge la Muungano katika uchaguzi wa 1995. Alifariki London mwaka 1997.

Twaona, basi, kwamba funzo ni la pande mbili. Walio madarakani wasimhesabu adui mtu asemaye twende pole, maana huenda ameona shimo mbele ya njia. Naye asemaye hivyo asikimbie, wala asiishi kwa manung'uniko. Aanze katika mkutano wa kijiji, agombee udiwani, aombe kura kwa hoja, na akishindwa arudi tena.

Vijana wa Mbinga na wa mwambao wa Nyasa wanayo leo njia ambayo Kambona hakuwa nayo mwaka 1967. Wavuvi wa Liuli na Lituhi hawatoki ziwani kabla ya kuutazama upepo, na hakuna awaitaye waoga kwa hilo. Taifa nalo lahitaji watu wa kuutazama upepo, mradi wawe ndani ya mtumbwi pamoja nasi.