Ousmane Sembène: Maisha ya Mtu Aliyeifanya Filamu Kuwa Shule ya Jioni

Mwalimu anayejiandaa kufundisha shule ya msingi huambiwa mara nyingi kwamba masuala ya haki, ustawi wa jamii na siasa hayafundishwi kwa kukaririsha. Mtoto anayeweza kuzitaja haki za raia kwa mpangilio, lakini asiweze kueleza kwa nini mzee mmoja amerudishwa mlangoni pa ofisi kwa kukosa cheti, bado hajajifunza haki ni nini. Jambo hili linakubalika kwa wote. Ugumu unaombaki nao mwalimu ni ule wa njia: atafanyaje ili mtoto alione jambo, alifikirie, na alizungumze kwa hoja bila woga?

Maisha ya Ousmane Sembène wa Senegal yanatoa mfano mmoja wa kulijibu swali hilo. Mtu huyu hakusomea ualimu, wala hakumaliza shule. Hata hivyo alitumia zaidi ya miaka 40 ya maisha yake kuwafundisha watu wazima wa Afrika kwa kuwaonyesha filamu na kuwaachia mjadala. Yeye mwenyewe aliiona sinema kuwa ni shule ya jioni ya wale ambao hawakupata shule ya mchana.

Utoto na Kufukuzwa Shule

Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, katika eneo la Casamance, kusini mwa Senegal. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa koloni la Ufaransa. Baba yake alikuwa mvuvi. Kijana huyo alisoma kwa miaka michache tu. Alipofikia umri wa miaka 13 hivi aligombana na mwalimu mkuu wake, akafukuzwa, na hakurudi tena darasani. Tunaosomea ualimu yafaa tutulie kidogo hapa. Mtoto aliyeonekana mkaidi na asiyefaa ndiye aliyekuja kuwa mwandishi na mtengenezaji wa filamu anayejulikana dunia nzima. Shule ilimwondoa kabla haijamtambua.

Baada ya hapo alikwenda Dakar akafanya kazi za mikono, miongoni mwake uashi na umakanika. Mwaka 1944 aliandikishwa katika jeshi la kikoloni la Ufaransa, akatumikia pia nchini Niger. Wanajeshi Waafrika walipigana kuikomboa nchi ya watu wengine ilhali nchi zao wenyewe zilikuwa zimetawaliwa, na waliporudi hawakuweza kuyatazama mambo kama zamani. Tarehe 1 Desemba 1944, katika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar, wanajeshi waliorudi kutoka Ulaya na kudai malipo yao halali walipigwa risasi na jeshi lilelile walilolitumikia. Sembène hakulisahau tukio hilo. Miaka 44 baadaye alilitengenezea filamu.

Kuanzia Oktoba 1947 hadi Machi 1948 wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger waligoma wakidai haki sawa na wenzao Wazungu. Mgomo huo ndio uliokuja kuwa kiini cha riwaya yake mashuhuri kupita zote, iliyotoka mwaka 1960.

Kuli wa Bandarini Ajifunza Kuandika

Katika miaka hiyo ya mwisho ya 1940 Sembène alivuka bahari kwenda Ufaransa, akawa kuli katika bandari ya Marseille. Huko alijiunga na chama cha wafanyakazi. Mwaka 1951 aliumia vibaya mgongo akiwa kazini, na kwa muda mrefu hakuweza kubeba mizigo. Maktaba za vyama vya wafanyakazi zikawa ndiyo shule yake. Alisoma riwaya, historia na siasa, akajadiliana na wenzake mikutanoni, na hatimaye akashika kalamu. Mwaka 1956 ilichapishwa riwaya yake ya kwanza, iliyoeleza maisha ya kuli Mwafrika mjini Marseille.

Hivyo elimu yake yote ya utu uzima ilitokana na mambo mawili: kusoma kwa hiari, na kubishana na watu waliokuwa na shida moja naye. Mambo hayo mawili yataonekana tena katika kazi zake zote.

Uamuzi wa Kurudi Darasani

Senegal ilipata uhuru mwaka 1960. Sembène alirudi Afrika akatembelea nchi kadhaa, ikiwamo Kongo. Katika safari hiyo aligundua jambo lililomchoma moyo. Alikuwa ameandika vitabu juu ya wafanyakazi, wakulima na akina mama wa sokoni, lakini watu hao hawakuweza kuvisoma. Viliandikwa kwa Kifaransa, na wengi wao hawakujua kusoma lugha yoyote.

Hapa ndipo tunapoona ukubwa wa mtu huyu. Angeweza kuridhika na sifa alizokwisha kupata. Badala yake, akikaribia miaka 40, mwaka 1962 alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu katika studio ya Gorky, chini ya mwongozaji Mark Donskoy. Mwandishi mwenye jina akawa mwanafunzi tena, kwa kuwa alitambua kwamba chombo alichokitumia hakiwafikii wanafunzi wake. Mwalimu yeyote anayeona kuwa darasa halimwelewi ana mambo mawili ya kuchagua: kulilaumu darasa, au kutafuta njia nyingine. Sembène alichagua la pili.

Filamu ya Dakika Ishirini

Mwaka 1963 alitoa filamu fupi ya dakika 20 hivi iitwayo Borom Sarret. Inaonyesha siku moja ya maskini mwenye gari la farasi mjini Dakar. Anabeba watu wasioweza kumlipa. Fedha kidogo aliyoipata anampa msanii wa mtaani anayeziimba sifa za mababu zake. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga hadi makaburini, na baba huyo anakataliwa kuzika kwa sababu hati zake si kamili. Abiria mwingine anamshawishi aingie mitaa ya wakubwa ambako magari ya farasi hayaruhusiwi. Polisi anamkamata na kumnyang'anya gari, na abiria anatoweka. Mtu huyo anarudi nyumbani akiwa na farasi tu. Mkewe anamwachia mtoto, anatoka nje akisema kwamba usiku huo watakula, na filamu inakwisha.

Tazama jinsi kazi hii ilivyojengwa. Mtazamaji haambiwi nani mwenye kosa. Je, ni polisi aliyeitimiza sheria? Ni walioitunga sheria hiyo? Ni abiria aliyemdanganya? Ni mwenyewe, aliyempa msanii fedha ya chakula cha watoto? Mkewe anakwenda kutafuta chakula wapi, na kwa nini jambo hilo limemwangukia yeye? Kila swali lina watu wa kulitetea pande zote mbili. Filamu inapoishia ndipo mjadala unapoanza.

Lugha ya Watazamaji

Mwaka 1966 ilifuata filamu juu ya msichana wa Senegal aliyechukuliwa na mabwana wake kwenda kufanya kazi za nyumbani kusini mwa Ufaransa, akaishia kujiua kwa upweke na kudhalilishwa. Filamu hiyo ilipata tuzo Ufaransa na Tunisia. Lakini bado ilisema Kifaransa, kama ile ya kwanza.

Mwaka 1968 Sembène alilisahihisha kosa hilo kwa filamu ya Mandabi, iliyosemwa kwa Kiwolof, lugha ya watazamaji wenyewe. Hadithi yake ni nyepesi kueleza. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi, mwenye wake wawili, anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara mjini Paris. Katika fedha hizo faranga 20,000 ni za kumwekea mpwa, 3,000 ni za mama wa mpwa, na 2,000 tu ndizo zake. Ili azitoe posta anahitaji kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Ili apate cheti inampasa aijue tarehe aliyozaliwa. Wakati huo majirani wamekwisha kusikia habari za fedha na wanakuja kukopa. Mwishoni ndugu msomi anajitolea kumsaidia, anaitoa hawala na kuila.

Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kisa hiki kwa njia nyingine. Amandina Lihamba wa Tanzania alikigeuza kuwa tamthilia iitwayo Hawala ya Fedha, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Kisa cha Dakar kiliweza kuhamia kwetu kwa urahisi, kwa kuwa dirisha la ofisi na mtu asiyejua kusoma aliyesimama mbele yake ni mambo yasiyohitaji tafsiri ndefu.

Kubaki na Watazamaji

Sembène hakuziacha filamu zake katika majumba ya sinema ya mijini. Alizichukua hadi miji midogo na vijijini, akazionyesha, kisha akabaki. Watu walisema, wakapingana, wakacheka, wakakasirika. Wazee waliwatetea wazee wa kwenye filamu, na wanawake wakaeleza yale ambayo wanaume hawakuyaona. Yeye alisikiliza na kuuliza. Aliamini kwamba kazi ya filamu ni kulileta jambo mbele ya watu, na kwamba kuliamua ni kazi ya watu wenyewe.

Njia hiyo ilikuwa na gharama. Filamu ya Xala, ya mwaka 1975, iliyomchora mfanyabiashara aliyeneemeka baada ya uhuru akiwa na wake watatu na tamaa isiyo na mwisho, ilikatwa sehemu kadhaa na wakaguzi wa serikali. Sembène alichapisha karatasi za kuwaeleza watazamaji ni sehemu zipi zilizokatwa. Filamu ya Ceddo, ya mwaka 1977, iliyogusa dini, utawala na biashara ya watumwa, ilizuiwa Senegal kwa miaka kadhaa. Sababu iliyotajwa ni kwamba jina lake liliandikwa kwa herufi d mbili badala ya moja. Sembène hakukubali kuipunguza hata hiyo herufi. Mwaka 1988 alitoa, pamoja na Thierno Faty Sow, filamu juu ya mauaji ya Thiaroye, ikapata tuzo Venice.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa Moolaadé, ya mwaka 2004, aliyoitengeneza Burkina Faso akiwa na umri wa miaka 81. Inahusu mwanamke wa kijijini anayewapa hifadhi wasichana wanne waliokimbia kukeketwa. Ulinzi wake wote ni kamba ya rangi iliyofungwa mlangoni, ambayo kwa desturi ya kijiji hakuna anayethubutu kuivuka. Hapo desturi moja inatumiwa kuipinga desturi nyingine. Wanaume wanazikusanya redio za wanawake na kuzichoma, kwa kuwa wameona kwamba anayesikia mambo mengi huanza kuuliza. Sembène alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007, akiwa na miaka 84.

Mafunzo kwa Mwalimu

Kwanza, Sembène alianza na jambo dogo linaloonekana: gari la farasi, hawala, kamba. Mwalimu asianze somo la haki kwa kuandika maana ya haki ubaoni. Aanze na mtu mmoja, siku moja, na shida moja.

Pili, alitumia lugha ambayo watazamaji waliweza kubishana kwayo. Mtoto anayetafuta maneno hana nafasi ya kutafuta hoja.

Tatu, achague kwa busara. Si kila filamu ya Sembène inafaa watoto. Ile ya msichana aliyejiua na ile ya ukeketaji zafaa zijadiliwe kwanza na wanachuo wenyewe. Kisa cha mwenye gari la farasi na cha hawala vinaweza kutumiwa na madarasa ya juu ya shule ya msingi. Pasipo umeme wala chombo cha kuonyeshea, mwalimu anaweza kukisimulia kisa, au wanafunzi wakakiigiza. Asimamishe masimulizi pale polisi anapofika, awagawe wanafunzi katika makundi, kila kundi limtetee mtu mmoja, kisha makundi yabadilishane pande. Mtoto aliyelazimika kumtetea polisi baada ya kumtetea maskini amejifunza jambo ambalo hotuba haiwezi kumfundisha.

Nne, na hili ndilo gumu, mwalimu asiufunge mjadala kwa hukumu yake. Sembène alikuwa na msimamo wake wa kisiasa, na baadhi ya wahakiki walimlaumu kwamba mara nyingine filamu zake zilihubiri. Lakini alipobaki na watazamaji aliwaachia nafasi ya kumkataa. Mwalimu ana nguvu kubwa mbele ya watoto kuliko mtengenezaji wa filamu mbele ya wanakijiji. Neno lake moja la mwisho laweza kufuta saa nzima ya fikra zao, na wakati mwingine mtoto atatoa hoja itakayomgusa mwalimu mwenyewe, au uongozi wa shule, kwa namna isiyopendeza. Wakati huo ndipo mwalimu hupimwa. Akimnyamazisha mtoto huyo, atakuwa amefundisha kwamba haki ni somo la ubaoni tu. Akimsikiliza na kumtaka alete ushahidi wa hoja yake, atakuwa amefanya kwa mtoto huyo lile ambalo shule ya Ziguinchor haikulifanya kwa mtoto wa mvuvi.