Alianza kwa Ufagio

Mary Eliza Mahoney alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1845. Wazazi wake walikuwa watumwa walioachwa huru, wakahama kutoka North Carolina. Kwa miaka kama 15 alipika, akafua na kufagia katika hospitali ya wanawake na watoto. Mwaka 1878, akiwa na miaka 33, alipokelewa katika shule ya uuguzi ya hospitali hiyohiyo. Masomo na zamu za wodini vilichukua miezi 16. Wengi waliishia njiani. Mwaka 1879 alihitimu, Mweusi wa kwanza Marekani kusomea uuguzi na kumaliza. Kisha aliuguza wagonjwa majumbani mwao. Alifariki mwaka 1926. Binti unayefua shuka za zahanati, usiseme umechelewa.