Mutisya wa Munge: Mkamba Aliyefunzwa na Wazaramo

Katika nchi kame inayoteremka kutoka Mlima Kenya kuelekea mto Tana, kwa Watharaka wa upande wa Meru na Wambeere wa upande wa Embu, kuchonga mti ni kazi ya kale. Gogo hukatwa, likakombwa ndani na kuwa mzinga wa nyuki. Kijana hujifunza kwa kukaa kando ya baba au mjomba, akishikilia gogo na kuokota vibanzi, hadi siku anapokabidhiwa shoka mwenyewe. Ng'ambo ya mto huo Wakamba nao wamekuwa wakichonga mizinga, miko, vibweta vya ugoro na vigoda vya miguu mitatu vya wazee. Lakini sanamu za watu na wanyama, ambazo mgeni yeyote afikapo Kenya huambiwa kwamba ni jadi ya Wakamba, hazikuzaliwa moja kwa moja na ufundi huo. Chanzo chake huhusishwa na mtu mmoja, Mutisya wa Munge wa Wamunyu, Machakos, naye aliupata ujuzi huo ugenini.

Kabla ya safari yake Mutisya alikwisha kuwa na mkono mwepesi katika kazi ya mti. Kilichompeleka mbali ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuanzia mwaka 1914 Waingereza waliwachukua Waafrika wengi wa Kenya, wengine kama askari, wengi zaidi kama wapagazi, ili wapambane na Wajerumani katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika. Wapagazi walikufa kwa maelfu, aghalabu kwa kuhara damu, homa na lishe duni kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao. Ukambani ulitoa vijana wengi, na Mutisya alikuwa mmoja wa waliorudi.

Dar es Salaam ilitekwa na Waingereza mnamo Septemba 1916. Wenyeji wa mji huo na viunga vyake ni Wazaramo, na ni kwao Mutisya alikokuta uchongaji wa namna asiyoizoea. Sanamu yao mashuhuri ni mwana hiti: kiwiliwili kama kipande cha mti kilicholainishwa, kisicho na mikono, chenye kichwa kilichogawanyika utosini kama nywele zilizosukwa. Mwana hiti si pambo. Hukabidhiwa mwali anapowekwa ndani, akamtunza kama mtoto, na huhusishwa na uzazi na uendelevu wa ukoo. Isitoshe, Wazaramo walichonga bakora na alama za makaburi. Chini ya utawala wa Wajerumani, baadhi yao walikwisha anza kuchonga sanamu za kuuzia wageni.

Yamkini hapa ndipo penye uzito wa maisha ya Mutisya. Fundi Mzaramo hakuwa na wajibu wowote wa kumfunza kijana wa mbali aliyeletwa na jeshi. Hakuwa mjomba wake, wala hapakuwa na ada ya ukoo ya kulipwa. Hata hivyo alimwonyesha kazi yake. Alichopewa Mutisya ni mkono wa kazi. Unyago wenyewe ulibaki Uzaramo. Aidha, Mkamba na Mzaramo hawana lugha moja ya mama, na lugha iliyowakutanisha watu wa makabila mbalimbali katika kambi na mitaa ya Dar es Salaam ilikuwa Kiswahili. Wanaohesabu michango ya lugha hii kwa mashairi na magazeti pekee wangefaa waangalie pia karakana.

Kuna dhuluma ndogo katika kumbukumbu ya jambo hili. Mwanafunzi anajulikana kwa jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Walimu wake hutajwa kwa jina la kabila tu.

Vita vilipokwisha, Mutisya alirudi Wamunyu akachukua tezo, au ngomo kwa Kikamba, akaanza kuchonga sanamu za kuuza. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa Wazungu. Inasimuliwa kwamba mwanzoni aliuficha ujuzi wake, asimwonyeshe mtu nje ya jamaa yake. Asilaumiwe upesi, ndio uliokuwa mtaji wake. Lakini mtu aliyefunzwa na wageni kisha akawanyima majirani ana deni, na deni hilo lililipwa kupitia mikono ya wengine. Jamaa zake waliwafunza wenzao, na Wamunyu ikawa kijiji cha wachongaji: wanaume wakichonga, wake na watoto wakipiga msasa na kung'arisha. Vita vya Pili vya Dunia viliongeza wanunuzi, kisha watalii wakafuata. Wakamba wakasambaa na vikapu vya sanamu hadi Nairobi, Mombasa na nje ya mipaka ya Kenya.

Mutisya hakuishi kuuona mwaka 1963, wachongaji wa Kikamba walipoanzisha chama chao cha ushirika huko Changamwe, Mombasa. Huko, kama Wamunyu, kijana huanza kwa msasa, akaendelea kwa kumalizia kazi ya mkubwa wake, kisha akapewa gogo la kwanza ambalo mara nyingi huharibika. Miti yenyewe imebadilika. Mpingo na muhugu vilikatwa hadi vikaadimika, na tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kutumia mwarobaini, mti unaokua upesi. Twiga, vifaru na wapiganaji wa Kimaasai sasa hutoka katika mti huo. Mwana hiti hakuingia katika orodha ya bidhaa zilizowapa Wakamba sifa. Alibaki kwa Wazaramo, mikononi mwa wali wao.