Fukuzawa Yukichi na Vitabu vya Watoto wa Japani

Mwalimu mwanachuo asomaye habari za Japani aghalabu hukutana na viwanda, meli na vita; ni nadra kukutana na walimu. Hata hivyo, nchi ile ilipotoka katika ukabaila katika nusu ya pili ya karne ya 19, kazi kubwa ilifanyika darasani, na mmoja wa walioitangulia kazi hiyo ni Fukuzawa Yukichi. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Fukuzawa ni ukoo na Yukichi ndilo jina lake mwenyewe. Yafaa wanafunzi waelezwe jambo hili mapema, la sivyo watayachanganya majina yote ya somo.

Fukuzawa alizaliwa Osaka tarehe 10 Januari 1835. Baba yake, Hyakusuke, alikuwa samurai wa daraja la chini kutoka Nakatsu, katika kisiwa cha Kyushu, naye aliwekwa Osaka kusimamia ghala la bwana wake. Ingawa kazi yake ilikuwa ya hesabu na mikopo, aliidharau, maana msomi wa siku zile aliheshimu vitabu vya hekima vya Kichina na kuwaachia wachuuzi mambo ya fedha. Siku moja alipata habari kuwa mwalimu wa watoto wake anawafundisha jedwali la kuzidisha. Alikasirika, akawaondoa shuleni mara moja. Baba huyo alifariki mwaka 1836, na mama akarudi Nakatsu na watoto watano, Yukichi akiwa kitinda mimba.

Huko Nakatsu kijana alionja ubaguzi wa kuzaliwa. Mtoto wa samurai wa chini alilazimika kumwamkia mwenzake wa daraja la juu kwa maneno ya unyenyekevu hata wakiwa mchezoni, na cheo cha baba kilikuwa ndicho cha mwana mpaka kaburini. Kwa sababu ya umaskini alishinda akitengeneza viatu na milango ya karatasi, na alianza kusoma kwa utaratibu akiwa na umri wa miaka 14 hivi, wenzake wakiwa wamekwisha kutangulia mbali. Lakini alikuwa mdadisi. Kaka yake alipomkemea kwa kukanyaga karatasi yenye jina la mtawala wao, alijiuliza kama kweli kuna adhabu katika karatasi. Baadaye alifungua kibanda cha ibada, akakuta jiwe ndani, akalitupa na kuweka jingine aliloliokota njiani. Watu waliendelea kulitolea sadaka, naye hakupatwa na lolote.

Kwa zaidi ya miaka mia mbili Japani ilikuwa imeuwekea mipaka mikali uhusiano wake na mataifa ya nje. Kwa upande wa Ulaya, ni Waholanzi peke yao walioruhusiwa kufanya biashara, tena katika bandari ya Nagasaki tu. Mwaka 1853 manowari za Marekani zilifika na kudai milango ifunguliwe, na mwaka uliofuata Fukuzawa akaenda Nagasaki kujifunza Kiholanzi. Mwaka 1855 alihamia Osaka katika shule ya tabibu Ogata Koan. Hapa msomaji na atulie kidogo, maana mbinu ya shule hiyo inastahili kuchunguzwa.

Kila mwanafunzi alipewa eneo la mkeka mmoja wa kulalia na kusomea. Kamusi kubwa ya Kiholanzi ilikuwa moja tu, tena ya kunakiliwa kwa mkono, nayo iliwekwa katika chumba chake. Usiku wa kuamkia zamu ya kusoma, taa za chumba hicho hazikuzimwa. Ilipofika zamu, wanafunzi wa daraja moja walikaa pamoja, kila mmoja akafasiri sehemu yake. Akishindwa, wa pili aliichukua. Wa pili akishindwa, wa tatu. Ilikuwa haramu kumwuliza mwenzako maana ya sehemu ile kabla ya zamu. Aliyeongoza kwa miezi mitatu alipandishwa daraja, na waliofaulu walichagua mahali pazuri pa kulala. Mwalimu Ogata alizungumza kidogo sana. Kwa watoto wa darasa la pili utaratibu huu ungekuwa ukatili, na hata kwa watu wazima una hatari ya kuwavunja moyo walio nyuma. Lakini unatuonyesha kuwa upungufu wa vitabu si lazima umfanye mwalimu asimame ubaoni akisema saa nzima. Fukuzawa alifika kuwa kiongozi wa wanafunzi katika shule hiyo.

Mwaka 1858 alitumwa Edo, mji uitwao sasa Tokyo, kufundisha Kiholanzi, na kutokana na darasa hilo dogo shule yake ikazaliwa. Mwaka uliofuata alikwenda kwa miguu hadi Yokohama, bandari mpya ya wageni, akagundua kuwa hawezi kusoma hata vibao vya maduka. Lugha aliyoihangaikia kwa miaka haikuwa lugha ya wageni wale; wengi wao walitumia Kiingereza. Basi akaanza upya. Mwaka 1860 alivuka bahari hadi San Francisco, mwaka 1862 akazunguka Ulaya akipitia Misri, na mwaka 1867 akarudi Marekani. Mashine hazikumshangaza sana, kwa kuwa alikwisha kuzisoma vitabuni. Alichouliza ni mambo ambayo wenyeji waliyaona ya kawaida: hospitali inalipiwa na nani, posta inaendeshwaje, wabunge wanabishanaje kisha wanakula meza moja. Marekani aliuliza habari za wazao wa George Washington, akastaajabu kuona hakuna aliyejua wala kujali.

Mwaka 1868 shule yake ilipewa jina la Keio Gijuku. Mwezi Julai mwaka huohuo majeshi yalipambana katika mtaa wa Ueno, kiasi cha kilometa nane kutoka shuleni. Mizinga ikisikika, Fukuzawa aliendelea na kipindi chake cha uchumi kama ratiba ilivyosema. Wanafunzi walipopata nafasi walipanda juu ya paa kutazama moshi.

Sasa tufikie vitabu vyake, ambavyo kwangu mimi ni urithi wake mkubwa kwa mwalimu wa shule ya msingi. Maandishi ya Kijapani huchanganya alama za silabi, ziitwazo kana, na maelfu ya alama zilizotoka China. Mwalimu anayefundisha kusoma kwa ka, ke, ki, ko, ku atafahamu kana bila shida. Alama za Kichina ndizo zilizowatenga watu wa kawaida na elimu. Fukuzawa alipokwisha kuandika mswada aliwapa wanawake na watoto wa nyumbani mwake wausome. Popote walipokwama, mara nyingi ni kwenye neno zito la kisomi, alilifuta na kuandika lingine. Mwaka 1873 alitoa kitabu cha kusomea watoto, na katika utangulizi wake akapendekeza kuwa alama elfu mbili au tatu zingetosha kwa mahitaji yote. Mwenyewe alitumia pungufu ya elfu moja. Wanawe wawili wakubwa aliwaandikia masomo ya kila siku mwaka 1871, kipande kwa kipande, kwa maneno waliyoyaelewa.

Kitabu chake kilichoenea kuliko vyote, kiitwacho Gakumon no Susume, yaani wito wa kutafuta elimu, kilitolewa katika sehemu 17 kati ya 1872 na 1876. Ndani yake alishikilia kuwa watu huzaliwa sawa, na kwamba tofauti zao za baadaye hutokana na kujifunza au kutojifunza. Mwaka 1872 serikali nayo ilitoa sheria ya elimu iliyotaka watoto wote, wa kike na wa kiume, waende shule. Haikuwa rahisi: wazazi walitakiwa kulipa ada, na mwaka uliofuata watoto walioandikishwa hawakufika theluthi.

Lipo jambo moja ambalo Mwafrika hawezi kulipita kimya. Mwaka 1869 Fukuzawa alitoa Jiografia ya dunia kwa watoto, kwa mashairi yenye mizani ya kukaririka. Kama zana ya kufundishia, kazi hiyo ni hodari sana: mtoto aliimba mabara na miji kabla ya kuiona ramani. Lakini yaliyomo aliyachota katika vitabu vya Ulaya na Marekani, pamoja na ngazi yao ya mataifa, ambayo iliwaweka wenye vitabu hivyo kileleni na watu wengi wa Afrika chini. Mtu aliyechukia vyeo vya kuzaliwa pale Nakatsu aliwaimbisha watoto vyeo vya mataifa. Miaka ya baadaye, katika gazeti lake la Jiji Shinpo alilolianzisha mwaka 1882, msimamo huo uligeuka kuwa dharau kwa Korea na China, naye aliiunga mkono vita ya 1894 na 1895 ambayo ilimalizika kwa Japani kuitwaa Taiwan. Somo lolote juu yake litakaloacha sehemu hii nje litakuwa nusu somo. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kuulizwa: mtunzi wa kitabu hiki alitoa wapi habari za mahali asipopajua, na nani angeweza kumsahihisha?

Fukuzawa alipenda mazoezi ya mwili, na hata uzeeni alitwanga mchele mwenyewe. Mwaka 1898 alipatwa na kiharusi, akapata nafuu, kisha akafariki Tokyo tarehe 3 Februari 1901. Keio ni chuo kikuu hadi leo. Tangu 1984 hadi 2024, noti mpya za yen 10,000 zilitolewa zikiwa na sura yake. Mwalimu akipata picha ya noti hiyo na kuibandika kando ya ramani ya Kyushu, atakuwa na zana ya kuanzia kipindi.