Grace Hopper, mama aliyeifundisha kompyuta kuunganisha programu

Wenzangu, hasa nyie wa sayansi na uhandisi, shida hii mnaijua. Profesa anakupa programu ya utafiti, anakwambia uijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Unaanza, inadai maktaba ya LAPACK kwa ajili ya hesabu za matriksi. Unaifuata LAPACK, nayo inataka kompaila ya Fortran. Wiki inakwisha hujakokotoa hata namba moja. Kwenye maabara yetu nimewaona watu wakikata tamaa hapo hapo, wakidhani wao ndio hawana akili. Ndiyo maana nataka tumkumbuke Grace Hopper.

Mama huyu alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Alipata udaktari wa hisabati Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, akawa anafundisha Chuo cha Vassar. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, aliomba kujiunga na jeshi la wanamaji la Marekani. Umri umepita, uzito hautoshi, lakini hakukubali mpaka akapewa ruhusa maalumu, akaingia Desemba 1943. Mwaka uliofuata akapelekwa Harvard kwenye Mark I, kompyuta yenye urefu wa mita 15 na ushee.

Huko vipande vya programu vilivyokwisha kufanya kazi viliandikwa kwenye madaftari. Ukihitaji cha mwenzio, unaazima daftari lake na kunakili kwa mkono. Kunakili kukazaa makosa kila siku.

Mwaka 1949 Hopper alihamia Philadelphia, kwenye kampuni iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Kufikia mwaka 1952 alikuwa na dawa ya tatizo lile, programu aliyoiita A-0. Vipande vilikaa kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake. Wewe unataja namba tu, kompyuta yenyewe inakitafuta kipande, inakileta na kukiunga na vingine. Wengi hawakuamini, kwao kompyuta ilikuwa ya kupiga hesabu basi. Yeye akasonga mbele na FLOW-MATIC, iliyochangia sana lugha ya COBOL ya mwaka 1959. Alistaafu jeshini mwaka 1986 na cheo cha admirali wa ngazi ya chini (rear admiral), akiwa na miaka 79, akafariki tarehe 1 Januari 1992.

Sasa jamani, ule ujumbe kwamba maktaba fulani haipatikani ni kazi ile ile ya A-0: kompyuta imetafuta kipande kilichotajwa, ikakikosa. Haijasema lolote kuhusu akili yako. Soma jina la kinachokosekana, angalia kama kipo, kipo folda gani na ni toleo lipi. Ukifanikiwa, andika hatua zako zote na uziache maabara, na nakala uwatumie wenzetu vyuoni nyumbani. Hopper alitaka kazi iliyokwisha kufanywa na mmoja isirudiwe na kila anayekuja.