Sheikh Kaluta Amri Abedi na Sikio la Ushairi

Wanafunzi wa fasihi humkuta Sheikh Kaluta Amri Abedi katika mjadala wa miaka ya 1970, akiwa amefanywa bawabu wa vina na mizani. Sifa hiyo haimtendei haki.

Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora, akawa mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mahali alipozaliwa pana maana. Mtoto wa Lamu aliyekulia kwa malenga hakuhitaji kuandikiwa kanuni. Alizipokea kwa sikio. Mtu wa bara alilazimika kuzichambua, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kitabu hiki kinawafaa wanaojifunza kuliko wanaohukumu.

Humo alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika lina kasoro. Wapinzani wake wameipita hoja hii haraka mno. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kina hutazamwa katika silabi ya mwisho, isiyo na mkazo. Shairi likisomwa kama nathari, kina hufifia; likighaniwa, sauti ya mwisho hurefushwa na kina husikika. Anayechambua tungo kongwe kwa macho peke yake atahesabu mizani 16 za mshororo, nane kwa nane, asijue zinafanya kazi gani.

Dar es Salaam inamkumbuka kwa jambo jingine. Mwaka 1960 alikuwa Meya wake wa kwanza Mwafrika, katika mji ambao wakoloni walikuwa wameugawa kwa uwanja wa Mnazi Mmoja: huku Kariakoo ya Waafrika, kule maduka na ofisi za katikati ya mji. Baadaye alikuwa Waziri wa Sheria, kisha wa Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Alifariki Ujerumani Magharibi, Oktoba 1964. (Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake, sidhani kila aingiaye humo anajua kuwa ni la mshairi.)

Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1974. Sheikh Amri, basi, hakupata kubishana na watunzi wa mashairi huru. Waliobishana kwa niaba yake walichukua hesabu ya silabi, wakauacha wimbo.